Zenit ya Naguru: bodi inasema 79, lenzi inasema 83

Mwezi wa tatu kijana mmoja wa Naguru, hapa Kampala, alinipigia simu, namba siijui, akaniuliza "anko, wewe ndo yule wa kamera za zamani?" nikamwambia ndio. Akasema jaja yake, yaani bibi yake, ana kamera ya Zenit ya marehemu mzee na kuna mnunuzi wa Ulaya kaahidi shilingi milioni moja na nusu, ila kwa sharti moja, familia imuandikie karatasi kwamba hii ndo kamera iliyopiga picha za bondia John Mugabi ulingoni kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Jaja anasema ndivyo mzee alivyokua anasimulia siku zote. Kijana alitaka mimi, kama mtu anayekusanya hizi mashine, niweke sahihi pale chini.

Nikamwambia sahihi sitoi kabla sijaishika. Nilichokiona, nilivyokipima na nilipofikia nakiweka hapa chote, maana najua majumba mengi hapa Uganda yana kamera ya mzee juu ya kabati na stori inayokwenda nayo, na siku mnunuzi akija vitu hivyo viwili vinauzwa pamoja bila mtu kuuliza kama kweli ni pamoja.

Kwa ambao hawakumbuki, Mugabi alipata fedha uzito wa welta Moscow, fainali alipigwa na Mkyuba Andrés Aldama. Ndo ilikua medali pekee ya Uganda kwenye michezo ile, na watu waliisubiri sana kwa sababu Montreal 1976 tulisusia pamoja na Afrika nyingi. Moscow nayo ilisusiwa, Marekani iliongoza na jirani zetu Kenya hawakwenda, lakini Tanzania walikwenda na wakarudi na fedha mbili, Bayi na Nyambui. Kwahiyo kamera iliyosimama pembeni ya ulingo ule usiku ule ingekua kitu kikubwa kweli, sio kwa pesa tu.

Nilikwenda Jumamosi. Yule jaja, Hajati, ananikaribisha kwa Kiswahili safi, kalelewa kwenye kota za polisi Nsambya kama mimi, na kule baba anaweza kua Muacholi na mama Mtoro lakini uani watoto wote wanatukanana kwa Kiswahili. Ile estate ya Naguru waliyokua wanaishi ilibomolewa 2011, saivi anakaa nyuma kidogo kwa binti yake. Akaniambia siku ya kuhama sanduku la mzee lilitoka pamoja na masufuria, yeye mwenyewe alilikalia juu ya pikapu mpaka walikofikia. Ndani ya sanduku kulikua na kamera kwenye ganda lake la ngozi ngumu, cheti cha chuo, na kopo la maziwa ya unga limejaa negativu, zile filamu zilizokwisha oshwa, zimefungwa kwa raba, raba zenyewe zimekauka na kugandia filamu.

Kamera nikaitoa taratibu. Zenit-E, karibu kilo moja na lenzi yake, jina limeandikwa kwa herufi za Kirusi, na mbele kuna alama ya Olimpiki ya Moscow. Rangi ya fedha imelika pale kidole gumba kinapokaa ukivuta wenzo wa kusogeza filamu, imelika kwa mviringo mzuri kabisa, ukiweka kidole chako pale unakaa ulipokaa wa mtu mwingine maelfu ya mara. Hii haikua kamera ya kabatini, mwenyewe aliifanyia kazi.

Sasa niseme kidogo hii mashine ni nini, manake bila hiyo namba hazitaeleweka.

Zenit ni SLR, maana yake ni kwamba unatazama kupitia lenzi ileile inayopiga picha, kuna kioo ndani kinarusha picha juu kwenye jicho lako, ukibonyeza kioo kinaruka na filamu inapata mwanga. Wajerumani wa Dresden ndo walioanza kuzisambaza hizi za milimita 35, Kine Exakta ya Ihagee mwaka 1936, alafu Contax S mwaka 1949 ikaja na pentaprizimu, ile nundu ya juu inayogeuza picha isikae kinyume. Mwaka 1952 Wajapani wa Asahi wakatoa Asahiflex yao ya kwanza, na mwaka huohuo kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, mji ulio karibu na Moscow, kikatoa Zenit ya kwanza. KMZ kilianzishwa 1942 katikati ya vita. Zenit yao hawakuianza kwenye karatasi tupu, walichukua Zorki, ambayo nayo ni mtoto wa Leica, wakatoa ile mitambo yake ya kulenga wakaweka sanduku la kioo na prizimu. Hata lenzi maarufu ya Zenit, Helios-44, inatokana na Biotar ya Carl Zeiss ya Jena, milimita 58 na uwazi wa f/2. Ukishika Zenit umeshika familia nzima ya Wajerumani na Warusi ndani ya chuma kimoja, mimi hiyo ndo inanifanya nizipende kuliko Nikon ambazo kila mtu anazikimbilia.

Zenit-E yenyewe ilianza 1965 na ikaendelea kutengenezwa mpaka miaka ya themanini, mamilioni na mamilioni, mpaka kiwanda cha Vileyka kule Belarus kikapewa nacho kuzitengeneza. Muundo haukubadilika karibu chochote. Spidi tano tu, 1/30 mpaka 1/500 ya sekunde, pamoja na B, ile ya kuacha mwanga uingie muda wote umebonyeza. Mita ya mwanga ni ya selenium, haitaki betri. Kwahiyo hii sio kamera adimu, na hata ile yenye alama ya Olimpiki zilitoka nyingi. Bei ya milioni na nusu ilikua ni ya Mugabi, chuma peke yake hakifiki huko. Ndo maana sharti la karatasi.

Kwa sababu muundo haukubadilika, umri wa Zenit unausoma kwenye namba. KMZ walikua wanaanza namba na tarakimu mbili za mwaka. Ya Hajati, nyuma ya bamba la juu, inaanza na 79. Sawa. Alama ya kiwanda ni ile prizimu yenye mwale unaopita, ndo KMZ. Sawa tena. Jina kwa herufi za Kirusi ni ishara nzuri pia, manake zile za kuuzwa nje kwa kawaida ziliandikwa kwa herufi zetu hizi na maneno ya Kiingereza kwamba imetengenezwa USSR, kwahiyo hii inaelekea ilinunuliwa kulekule ndani. Na gurudumu la kupangia filamu limeandikwa GOST, kipimo chao cha zamani ambacho mwaka 1987 ndo walikilinganisha na ISO.

Nikaangalia skrubu kwa lupu, ile lenzi ndogo ya kukuzia. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kabla hujaamini namba angalia skrubu, kwa sababu bamba la juu linatoka, na fundi mwenye Zenit mbili mbovu anaweza kutoa moja nzima na namba ikawa ya marehemu mwingine. Skrubu ambayo imefunguliwa na bisibisi isiyo saizi yake inakua na midomo imechubuka, chuma kinang'aa pembeni ya mfereji. Hizi zilikua nyeusi sawasawa, uchafu umekaa ndani ya mfereji kama ugoro. Haijafunguliwa. Bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, ni ya 1979 na bamba lake ni lake.

Cheti cha mzee: Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow, uhandisi, Juni 1981. Akarudi nyumbani mwaka huohuo. Mpaka hapo stori inasimama wima.

Alafu nikageuza lenzi. Helios-44-2, skrubu ya milimita 42, namba inaanza na 83.

Nikairudia mara tatu chini ya taa. 83. Tena alama yake sio ya KMZ, ni ya Valdai, manake Helios-44-2 zilitengenezwa sehemu zaidi ya moja, Krasnogorsk, Valdai na Minsk. Lenzi iliyozaliwa 1983 haiwezi kua ilipiga ngumi za 1980, na mtu aliyeondoka Moscow 1981 hakuinunua kule na kamera yake.

Kijana akaniona uso. "Ni feki?" akauliza.

Neno hilo ndo lilinifanya niandike hii yote. Nimesoma sana maandiko ya wakusanyaji wa nje, kwao kamera na lenzi zisipolingana mwaka basi thamani imeanguka, wanaita imeoanishwa, kama vile ni dhambi. Wanakotoka wao kamera ilikaa kwenye boksi na risiti yake. Hapa kwetu kamera ya miaka ya themanini ilipita mapinduzi, ilipita vizuizi vya barabarani, ilipigishwa harusi na mazishi na vipaimara ili watoto wale, na duka la vipuri vya Zenit halikuwepo Kampala. Kama lenzi ilikufa mwenye kamera alitafuta lenzi nyingine popote alipoweza. Lenzi ya 83 kwenye bodi ya 79 kwangu ina maana mwaka 1983 au baada yake kuna mtu bado alikua anaihitaji hii mashine ifanye kazi. Kwahiyo sikumjibu kijana, nikamgeukia Hajati nikamuuliza, "Mama, hii lenzi mzee aliwahi kuibadilisha?"

Akasema hapana. Alafu akanyamaza, akamwaga chai, akarudi akakaa, akasema, "Ngoja. Ile ya kwanza ilivunjika Bombo." Ilikua harusi ya Wanubi, watu wanacheza doluka, kamera imetundikwa kwenye kiti, mtoto akapita na kamba yake, kamera ikashuka kwenye sementi na kioo cha mbele kikapasuka. Mzee alikaa zaidi ya mwaka bila kupiga picha. Mpaka mpwa wake ambaye nae alikua anasoma kule akarudi likizo na lenzi ndani ya soksi ya sufu, Hajati anaikumbuka ile soksi kwa sababu aliitumia miaka kumfunika mtoto miguu. Mwaka? Hakumbuki, lakini binti yake wa tatu alikua ananyonya, na binti kazaliwa mwishoni mwa 1983. Inaingia.

Hakuna mtu alikua anadanganya. Familia ilikua imesahau tu kwamba kamera ina vipande viwili.

Bado swali kubwa lilikua halijajibiwa, picha zenyewe. Kwenye kopo nilihesabu vipande 61 vya negativu, nikavigawa kwa macho makundi matatu. Kundi la kwanza, vijana Waafrika na Wahindi na Warusi wamevaa makoti makubwa, theluji. La pili, ngumi, fremu 14, ulingo, taa kali, na hizo ndo familia ilikua inaziita za Mugabi. La tatu, harusi na watoto na ng'ombe mmoja aliyepigwa picha mara sita. Sikua na haja ya kuuliza nani yuko ulingoni kwanza. Nilitaka kujua negativu zipi zilipita ndani ya kamera hii.

Na hiyo inawezekana kabisa kuijua, watu wengi hawajui. Filamu inapokaa ndani ya kamera inalala nyuma ya dirisha la chuma la milimita 24 kwa 36. Mwanga unapita kwenye dirisha hilo, kwahiyo ukingo wa kila picha ni kivuli cha ukingo wa dirisha, filamu ikiwa imeligusa. Dirisha halikukatwa kwa wembe, lina vijino, tone la rangi, pembe iliyolika kidogo, na kila kijino kinaandikwa kwenye kila fremu maisha yote ya kamera. Kubadilisha lenzi hakuligusi dirisha. Ndo uzuri wake kwa kesi hii hasa.

Nikafungua mlango wa nyuma nikatazama kwa lupu. Pembe ya chini kulia kuna kijino cha chuma, kidogo kama punje ya ulezi, na katikati ya ukingo wa kushoto kuna uvimbe wa rangi nyeusi. Nikarudi kwenye negativu za theluji, nikatafuta kijino chini kulia, sikukiona. Nikatafuta kwenye za ngumi, hakuna. Nikakaa na huzuni karibu saa nzima kabla sijakumbuka kwamba lenzi inapindua picha ndani ya kamera, kichwa chini na kushoto kulia, kwahiyo ukiitazama negativu picha ikiwa imesimama wima dirisha linakua limegeuka lote. Kijino cha chini kulia utakikuta juu kushoto. Nikageuza meza yangu ya mwanga, na kwenye za theluji nikakiona, juu kushoto, fremu baada ya fremu.

Lakini macho yaliyochoka yanaona yanachotaka. Nilitaka filamu mpya kutoka kamera hiyohiyo ya kulinganisha nayo. Hajati akaniachia kamera kwa wiki mbili, nikamuandikia karatasi kwamba nimeichukua, na kijana akasaini kama shahidi.

Hali yake ilikua hivi. Ndani ya lenzi kulikua na fangasi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui aliyeanza kazi akaacha, ni unyevu wa hapa, kila lenzi inayokaa kwenye ganda la ngozi Kampala inapata, ganda linashika maji ya hewa na kuyatunza. Sikuisafisha, kwa jaribio haikua na shida. Mita ya selenium ilikua inapumua bado, niliilinganisha na programu ya mita ya simu ikawa chini kama stopu moja, yaani inasoma nusu ya mwanga, kwa umri wake nikaishukuru. Mapazia ya shata nikayamulika na tochi gizani, hayana matundu. Ila kwenye 1/500 upande mmoja wa picha unabaki giza, pazia la pili linalikimbilia la kwanza, na 1/250 nayo siiamini. Nikabaki na 1/125 kushuka chini. Na wenzo nilivuta kwanza ndo nikagusa gurudumu la spidi, ni tabia niliyoishika kwenye Zorki na FED, kamera nyingine za Kisovieti, ambazo ukifanya kinyume unaharibu, na sioni sababu ya kuiacha nikiwa na mashine ya ukoo huohuo.

Filamu nyeusi na nyeupe nilikua nayo moja, niliagiza Nairobi ikaja na basi. Nikapiga mawingu, kuta nyeupe, chochote cheupe kinachofika mpaka ukingoni, kwa sababu ukingo unaonekana vizuri pale tu fremu ilipopata mwanga mwingi. Mbili tatu nikampiga mama wa chapati wa mtaani kwangu, filamu haitupwi.

Kuosha niliosha jikoni kwa kahawa. Sitanii, inaitwa kafenoli, kwa lita moja ya maji unaweka gramu 54 za soda ya kufulia, ile kaboneti na sio ya mandazi, gramu 16 za vitamini C, na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, dakika 15 kwenye nyuzi 20. Kinachofanya kazi sio kafeini, ni asidi za kahawa, na wanaotumia njia hii dunia nzima wanasema kahawa ya bei rahisi yenye robusta nyingi ndo inaosha vizuri kuliko ile ya kifahari. Sisi robusta ndo zao letu, inaota yenyewe kwenye misitu ya hapa. Shida ni joto, maji ya bomba yangu yalikua 25, nikayaweka barafu za kavera, mifuko ya plastiki, pembeni ya beseni mpaka yakashuka. Fiksa, dawa ya kuifanya picha ibaki, bado unahitaji ya dukani, kahawa haifiksi. Harufu yake ni mbaya, fungua dirisha.

Filamu ilipokauka nikaiweka kwenye meza ya mwanga kando ya ile ya theluji, simu juu yake na lenzi ya makro. Kijino juu kushoto, na kwenye ukingo wa kulia ule uvimbe wa rangi kama kilima kidogo. Vyote viwili, pahala palepale. Nikapima umbali kutoka pembe kwenye skani, vinakaa pamoja. Zile za theluji zilipita ndani ya kamera hii.

Kuna moja ya theluji siwezi kuisahau. Vijana wanne wamesimama mbele ya ukuta, wa pili kushoto ni mzee mwenyewe, Hajati alimtambua kwa masikio, kwahiyo kamera alikua amempa rafiki apige. Katikati hakuna cha ajabu. Lakini ukingoni kabisa, kulia, nusu ya bango limeingia, sikio moja la mviringo na nusu ya mkanda tumboni wenye pete. Ni Misha, yule dubu wa Olimpiki ya Moscow. Na aliyepiga hakumuona! Kidirisha cha Zenit-E kinaonyesha milimita 20 kwa 28 tu kati ya 24 kwa 36 zinazoingia kwenye filamu, yaani karibu thuluthi moja ya picha inapigwa bila jicho kuiona. Mtu akipanga marafiki zake wanne kwenye kidirisha, kamera inachukua na jirani. Bodi ni ya 79, mzee kaondoka 81, dubu yuko ukutani: picha ile ni ya majira ya baridi ya pembeni kabisa mwa michezo ile. Kamera ilikuwepo Moscow wakati ule, na hilo nililiandika bila kusita.

Sasa za ngumi.

Hazina kijino. Hazina uvimbe. Ukingo wake umenyooka kabisa upande mmoja na pembe moja imekatwa kidogo kama imelambwa, hicho ni kitambulisho cha dirisha lingine. Kamera nyingine, moja na ileile kwa fremu zote 14. Pembeni ya filamu imeandikwa ORWO, filamu ya Ujerumani Mashariki, hiyo haisemi kitu maana ORWO ilifika huku kwetu pia. Lakini fremu ya tisa inasema. Nyuma ya kamba za ulingo, safu ya mbele, amekaa mama kavaa gomesi, gauni la akina mama wa hapa Uganda, mabega yamesimama, mshipi umefungwa mbele, na pembeni yake mtoto amelala. Niliikuza mpaka punje za filamu zikawa kama mchanga. Ni gomesi.

Nilipomuonyesha Hajati kwenye simu alicheka mpaka machozi, akasema, "Hapo ni Lugogo, huyo mama alikua anakuja kila pambano, mwanawe alikua anapigana." Jina akalikumbuka siku ya pili, silitaji. Lugogo ni hapa Kampala, sio Moscow. Mzee alikua anapenda ngumi, alikwenda Lugogo miaka yote, na zile negativu labda kazipewa na mpiga picha mwenzie au kaazima kamera wakati yake haina lenzi. Kidogokidogo, kwa kusimulia, medali ya Moscow na negativu za Lugogo zikakaa kopo moja. Mimi sioni kosa la mtu hapo, mwanaume alikua Moscow kijana wa watu, akasikia Mganda mwenzie kapata fedha mji huohuo anaolala, angeachaje kulisema maisha yake yote?

Karatasi niliyoandika ina mambo manne: bodi ni ya KMZ ya 1979 na haijabadilishwa, lenzi ni ya Valdai ya 1983 na sababu ni hii, negativu za theluji zimepigwa na kamera hii, negativu za ngumi hazikupigwa nayo na sio za Moscow. Nikaweka na picha za ukingo, kubwa, ili mtu yeyote apime mwenyewe. Hajati akasaini kwanza, alafu mimi.

Kuna jamaa yangu mkusanyaji, mtu mwema, alinishauri kabla hatujatuma. Ana Zenit iliyokufa yenye Helios ya 79, akasema tubadilishe tu, inakua kamili, bei inapanda, na wala hakuna uongo maana ndo ilivyotoka kiwandani. Nilimuelewa lakini nilikataa na ningekataa tena. Ile Helios ya 79 haikuwahi kufika Bombo. Ukiiweka unapata kamera nzuri ya kabati la kioo, na soksi ya sufu imefutika.

Mnunuzi alijibu ndani ya siku mbili, kwa heshima, akashusha mpaka laki tatu. Kijana aliumia, nilimuona, ana ada za chuo. Nilimwambia nina pole ya kweli na sio ya mdomo. Uamuzi ulikua wa Hajati na alisema kwa laki tatu bora ikae. Kilichomuuma yeye zaidi ni negativu, hakujua zinaharibika, akaniuliza kama zinaweza kupona. Nikamsimulia kuhusu yale makabati ya UBC, shirika la utangazaji la Uganda, negativu kama elfu 70 za wapiga picha wa serikali zilizokaa miaka bila mtu, mpaka zikaanza kuskaniwa na mwaka 2019 zikaonyeshwa Uganda Museum, watu wakaenda kuwatafuta ndugu zao mle. Tukazitoa raba zote, moja ilichukua dakika arobaini kwa sababu ilikua imegandia kwenye uso wa mtu. Kila kipande saivi kina bahasha yake ya karatasi, sio kavera, na kwa penseli nimeandika T ya theluji, N ya ngumi au H ya harusi. Ganda la ngozi tumeliacha nje ya sanduku, kamera inakaa kwenye kopo lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Lenzi nimeifungua baadae kwa ruhusa yake, fangasi imetoka yote isipokua alama moja ya kucha kwenye kioo cha nyuma, hiyo imekula na haitatoka. 1/500 sijaigusa. Sijapata fundi wa mapazia ninayemuamini hapa na siwezi kujifunzia kwenye mashine ya mtu.

Zile 14 za ngumi nimezichapisha kubwa. Jumapili narudi nazo Naguru, karibu na jimu kuna mzee aliyekua kwenye kona za mabondia miaka hiyo, anasema nimfunike sura zote kwa karatasi, atawataja kwa kutazama miguu walivyosimama.